Vijana wetu ndio wakalimani tukitafuta nyumba, nawafundishaje kutambua ubaguzi?

mwalimu_wa_jmosi

Habarini wapendwa. Naomba ushauri manake hili jambo halinitoki moyoni wiki ya tatu sasa. Nina kikundi cha vijana hapa Louisville, Kentucky, tunakutana jumamosi, wako 14, miaka 13 mpaka 17, wengi wazazi wao ni Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania, halafu wawili Warundi na mmoja Msomali. Tunafanya homuweki, tunaongea mambo ya shule, basi.

Sasa jumamosi moja kijana wa miaka 15 akabaki nyuma wenzie walipoondoka. Akanisimulia kwamba alipiga simu yeye mwenyewe kuulizia apatimenti ya vyumba vitatu, na huyu mtoto kiingereza chake ni cha hapahapa, ukimsikia kwenye simu hujui ametoka wapi. Akaambiwa ipo, njooni saa kumi jioni. Wakaenda, yeye na mama yake na wadogo zake watatu, mama kajifunga kitenge. Meneja akawaangalia, akauliza mnatoka nchi gani, mko wangapi, halafu akasema samahani imechukuliwa sasa hivi. Halafu akaongeza kwamba nyinyi mtajisikia vizuri zaidi kule upande wa pili wanakokaa wenzenu.

Mtoto akamgeukia mama yake akamwambia "mama, imechukuliwa". Basi. Yale maneno mengine akayameza. Nikamuuliza kwa nini hukumwambia, akasema mama alikuwa ameshachoka, ameomba ruhusa kazini, sikutaka aumie. Tangazo la hiyo apatimenti lilikuwa bado lipo mtandaoni wiki mbili baadae, alinionyesha kwenye simu.

Sheria naijua juujuu tu. Nataka niwafundishe hawa watoto watambue, na wajue la kufanya, lakini sitaki niwajengee kuona kila mzungu aliyewakatalia ni mbaguzi, wala sitaki mtoto wa watu aanze kugombana na meneja halafu familia ikose nyumba kabisa. Mnaanzia wapi?

karani_lex

Mwalimu pole sana na mpe pole huyo kijana. Mimi niko Lexington, najitolea kusaidia watu kujaza fomu za malalamiko ya nyumba mwaka wa sita huu, kwahiyo naongea ninachokiona.

Kwanza hayo maneno ya "kule wanakokaa wenzenu" ndo ubaguzi wenyewe, ni makosa hata kama apatimenti ilikuwa imechukuliwa kweli. Kumsukumia mtu mtaa fulani kwa sababu ya asili yake sheria inakataza, na hiyo ndo aina ambayo watu wetu hawaitambui kabisa kwa sababu inasemwa kwa tabasamu, mtu anadhani amesaidiwa.

Sheria inaitwa Fair Housing Act, Rais Johnson aliisaini tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Mwanzoni ilikataza kubagua kwa rangi, dini na nchi ya asili, 1974 wakaongeza jinsia, 1988 wakaongeza ulemavu na familia zenye watoto chini ya miaka 18. Vijana wako wakariri hivyo, lakini usianze na kukariri watalala. Anza na swali moja tu: je, mwingine angeulizwa hivyohivyo? Meneja akitaka kila mtu awe na kipato mara tatu ya kodi, hiyo inauma lakini anaruhusiwa. Akiangalia kredi skoo (alama za jinsi unavyolipa madeni) ya kila mtu, anaruhusiwa. Akitaka karatasi za uhamiaji kwako peke yako kwa sababu umeongea kwa lafudhi na jirani mzungu hakuulizwa, hapo pana tatizo. Kata visa kumi kwenye vikaratasi, changanya vya haki na visivyo haki, wabishane wenyewe. Wakibishana kwa haki hiyo shida yako ya kuona kila mtu mbaguzi itapungua, manake watajifunza pia kusema "hapana, hapa hajabaguliwa mtu".

mama_wa_saba

Bandugu, mimi niko mama wa batoto saba, tulifika hapa tukitoka Nyarugusu. Hii habari imenifanya nilie kwa sababu mtoto wangu mkubwa ndiye alikuwa anatutafsiria na sasa najiuliza na yeye alinificha mangapi.

Sisi walitukatalia sehemu nyingi sana, banasema muko wengi. Naomba mtu atueleze vizuri, wengi ni wangapi? Na pale tulipopata mara ya kwanza kulikuwa na karatasi mulangoni, batoto wasicheze nje, wakionekana nje mzazi anapigwa faini. Tukawafungia ndani kiangazi chote, saba ndani ya vyumba vitatu. Tulijua ndiyo sheria ya Amerika.

karani_lex

Mama pole, na asante kwa kuuliza. Idadi: HUD, ile wizara ya nyumba, kwa kawaida inaona watu wawili kwa kila chumba cha kulala ni kiwango cha kueleweka, lakini sio msumari, wanaangalia pia ukubwa wa vyumba, umri wa watoto (mtoto mchanga sio sawa na kijana wa miaka 17) na mambo mengine. Kwahiyo watu tisa kwenye vyumba viwili anaweza kukukatalia, ila watu watano kwenye vyumba vitatu kama familia ya huyo kijana, mama na watoto wanne, hapo "mko wengi" haina msingi kabisa.

Na lile karatasi la watoto wasicheze nje mama, ile haikuwa sheria ya Amerika. Kanuni inayowalenga watoto peke yao namna hiyo ni kitu cha kulalamikia. Isipokuwa zile nyumba za wazee wa miaka 55 au 62 kwenda juu, hizo zinaruhusiwa kukataa familia zenye watoto.

nilikuwa_mkalimani

Nimesoma hapa nikasimama kidogo. Mimi nina miaka 21 sasa, nilianza kumtafsiria mama nikiwa na 11, hospitali, shule, ofisi ya umeme, nyumba. Mwalimu nakuomba kitu kimoja, usianze na sheria, anza na hilo la kumeza maneno. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba ninaruhusiwa kumwambia mama kila kitu. Nilidhani kazi yangu ni kumlinda, yani meneja akisema kitu kibaya mimi ndo naamua mama asikie au asisikie, na mtoto wa miaka 12 habebi hiyo. Nikabeba. Kuna sentensi mbili tatu za meneja mmoja nazikumbuka mpaka leo neno kwa neno na mama hajazijua.

Kama ningefundishwa ningependa kufundishwa hivi. Mtu akisema kitu cha ajabu, mwambie kwa adabu tu "tafadhali rudia, nataka nimtafsirie mama vizuri". Hiyo sio kugombana. Na nimeona mara nyingi mtu akiombwa kurudia anabadilisha maneno, au anarudia yaleyale na hapo unakuwa umeyasikia mara mbili. Halafu ukitoka nje kabla hujaingia kwenye gari andika kwenye simu: tarehe, saa, jina la aliyeongea nanyi, na maneno yake kwa kiingereza kama alivyosema, usitafsiri, manake baadae utakachokumbuka ni tafsiri yako. Skrini shoti ya tangazo siku hiyo, na nyingine baada ya siku tatu nne. Huyo kijana wako tangazo la wiki mbili analo bado? Mwambie asifute.

baba_wa_nne

Samahanini naomba nitofautiane kidogo. Haya mambo ni mazuri kwenye makaratasi. Sisi wengine bado tunasubiri karatasi zetu, tukianza kulalamika tutaonekana watu wa fujo, na mwenye nyumba akijua unalalamika anakutoa. Mtoto asiingizwe kwenye vita vya watu wazima. Mimi wangu namwambia ukikataliwa mlango huu nenda mlango mwingine, Mungu anajua.

karani_lex

Ndugu yangu woga wako nauheshimu, nimekaa na watu wengi waliokuja na woga huohuo. Lakini sheria hii inamlinda mtu yeyote, haisemi raia tu, na kukulipiza kisasi kwa sababu umelalamika ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Kulalamika HUD ni bure, una mwaka mmoja tangu tukio litokee, mahakamani ni miaka miwili. Simu yao ni 1-800-669-9777. Hapa Kentucky pia kuna tume ya haki za binadamu ya jimbo, ofisi iko hapohapo Louisville.

Sitakudanganya, inachukua muda na ile apatimenti uliyoitaka pengine ameshaingia mtu. Kuna kesi nimeona zimeisha kwa wao kulipa fidia, na kuna zilizofungwa kwa kukosa ushahidi, ndo maana nasisitiza kuandika siku ileile.

Kuhusu watoto nakubaliana na wewe nusu. Mtoto asitumwe kwenda kumtega meneja. Kuna mashirika yana watu wazima waliofundishwa, wanatumwa wawili, mmoja mweusi mmoja mzungu, kipato sawa, hadithi sawa, wanaulizia nyumba moja, halafu majibu yanalinganishwa. Mahakama Kuu ya Marekani ilishakubali 1982 kwenye kesi ya Havens kwamba mtu akidanganywa kwenye jaribio kama hilo anaweza kushtaki hata kama hakuwa na nia ya kupanga. Mtoto kazi yake ni kusema alichokisikia, na hilo tayari analifanya kila siku.

basi_la_west_end

Naendesha basi hapa Louisville mwaka wa 19. Kila siku navuka barabara ya 9, upande mmoja mjini, upande mwingine West End, watu weusi watupu karibu. Vijana wetu wanadhani ilikuwa hivyo tu. Mwalimu wapeleke pale uwaambie ilivyotengenezwa.

Mwaka 1914 mji huu huu ulipitisha sheria kwamba mtu mweusi haruhusiwi kuhamia mtaa ambao wengi ni wazungu. William Warley, mweusi, wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, akapanga kununua kiwanja kwa mzungu anaitwa Buchanan makusudi sheria ijaribiwe, kesi ikafika Mahakama Kuu kule Washington, na mwaka 1917 majaji wote wakaifuta. Mitego ya karani hapo juu ilianza zamani! Miaka ya 1930 serikali ikachora ramani, mitaa ya weusi ikapakwa nyekundu, mkopo hupati. Zile ramani zipo mtandaoni bure, Chuo Kikuu cha Richmond wameziweka, kijana anatafuta mtaa wake mwenyewe anaona rangi yake.

Na 1954, huku Shively jirani na Louisville, Andrew Wade fundi umeme na mkewe Charlotte walitaka nyumba, hawauziwi. Marafiki zao wazungu, Carl na Anne Braden, wakainunua kwa niaba yao. Ikarushiwa mawe, ikapigwa risasi, mwezi wa sita ikalipuliwa kwa bomu. Kwa bomu hakuhukumiwa mtu. Aliyehukumiwa ni Carl Braden, miaka 15 kwa uchochezi, akakaa ndani miezi kadhaa kabla hukumu kufutwa. Mimi niliposikia hii mara ya kwanza sikulala. Napita pale na basi tupu usiku nawaza mtoto wa Wade.

baba_wa_nne

Hiyo ya Braden sikuijua. Nimemwonyesha mwanangu, ana miaka 16. Ameniambia baba, mwaka jana yule meneja wa kwanza alikuwa amesema kitu kuhusu waislamu, sikukwambia.

nilikuwa_mkalimani

Mzee ule mwaka mmoja wa kulalamika haujaisha? Mwambie aandike leo.

mwalimu_wa_jmosi

Nimesoma yote, nimetoa machozi kidogo. Yule kijana skrini shoti anazo zote mbili, nimemwomba kwanza amwambie mama yake, na nimemwambia nitakuwepo akitaka. Amekubali ijumaa jioni. Kulalamika au kutolalamika ataamua mama, sio mimi.

Jumamosi hii tunafanya vile vikaratasi vya karani, halafu zoezi la "tafadhali rudia" watatu watatu, mmoja meneja mmoja mkalimani mmoja mama. Ramani tutaiacha wiki inayofuata, na mzee wa basi kama siku hiyo huna zamu naomba uje utembee nasi kutoka barabara ya 9. Ninachokosa ni mtu mzima wa kuigiza meneja, wakiigiza wenyewe watacheka. Kiingereza cha haraka haraka kidogo. Saa nane mchana.

baba_wa_nne

Nitakuja mimi. Nitamleta na kijana.