Naomba ushauri: trifle ya chokoleti na cheri kwa watu 40, na Lubumbashi inawaka joto

Mama wa Katuba

Jambo ba yaya na ba mama wote. Jumamosi ya wiki ijayo tunapokea wakwe, wanaleta mahari ya mdogo wangu. Bukari, nyama na samaki vimekwisha kupata wenyewe. Mimi nimeachiwa kitu kitamu cha mwisho, na bibi arusi mwenyewe ameshanichagulia: anataka trifle ya forêt noire. Gato (keki) ya chokoleti, cheri, krimu, tabaka juu ya tabaka ndani ya bakuli la kioo, wakwe wazione kwa ubavuni.

Kwa watu wa nyumbani naitengeneza bila wasiwasi. Ila hawa ni 40, chini ya hema, mwezi wa kumi. Sherehe iko kwa mjomba, mtaa wa Golf, na mimi napikia Katuba, kwa hiyo kuna barabara katikati, na barabara zetu mnazijua. Naomba mnisaidie: nifanye nini ili maji ya cheri yasishuke na kupaka krimu rangi? Cheri gani ninunue? Vipimo viwe vipi? Na krimu itasimamaje kwenye joto hili?

Fundi wa Gato

Yaya, hongera kwa mdogo wako. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanaharibu hii kitu mahali pamoja: wanamwaga cheri na maji yake kama vilivyotoka kwenye chupa. Chuja. Yale maji yaweke pembeni, hayo ndiyo mali. Kwa kila robo lita ya maji ya cheri, koroga kijiko kimoja na nusu cha chakula cha Maizena (wanga wa mahindi) kwenye maji baridi kidogo, kisha mimina kwenye maji ya cheri yanayochemka huku unakoroga. Yakianza kung'aa na kushika mwiko, toa motoni, rudisha cheri ndani, acha vipoe kabisa. Kabisa, siyo vuguvugu. Cheri za namna hiyo hukaa pale ulipoziweka.

Kabla hujatia Maizena, chota kikombe kimoja cha maji hayo mepesi uweke kando. Hayo ni ya kulowesha gato.

Kastadi ya chokoleti, ile tabaka nzito ya maziwa na mayai, nayo ina siri yake. Kwa maziwa lita 2 tumia viini vya mayai 10, sukari gramu 200, Maizena gramu 120 na chokoleti nyeusi gramu 300, ambayo inaingia mwishoni, sufuria ikiwa imetoka motoni. Lazima kastadi ichemke na kutoa mapovu mazito kama dakika moja nzima, mkono usiache kukoroga. Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachokula wanga. Ukitoa sufuria mapema kwa kuona imekwisha kuwa nzito, jioni itakuwa nzuri, asubuhi utaikuta imekuwa uji. Watu husingizia maziwa. Ikiiva, funika kwa plastiki inayogusa uso wa kastadi ili isifanye ngozi.

Gato yenyewe oka ya mafuta ya kupikia, siyo ya siagi. Siagi ikiingia kwenye frigo inakuwa ngumu na gato inakaa kama mbao. Ya mafuta inabaki laini. Oka Alhamisi, ikikauka kidogo ndiyo inanyonya vizuri.

Tantine Kamalondo

Mimi nasema acha bakuli. Watu 40 na bakuli moja, mtu wa kumi akichota hakuna tabaka tena, ni vurugu tu. Nunua vikombe vya plastiki vinavyoonyesha ndani, vya mililita 200, jaza mpaka kama 160. Kila mtu na chake, watoto hawagombani, na mama mkwe haulizi kwa nini yeye hakupata cheri.

Baba Mapacha

Samahani kuingilia jikoni kwa watu, lakini forêt noire bila kirsch ni forêt noire gani? Kule Ujerumani inakotoka, ile pombe ya cheri ni lazima isikike mdomoni, wao hata wana kanuni ya jambo hilo. Gato uliyolowesha kwa sharubati tupu ni gato ya watoto.

Mama wa Katuba

Aksanti Fundi, nimeandika yote kwenye daftari. Baba Mapacha, nusu ya wakwe ni walokole na mchungaji wao atakuwa meza ya mbele. Pombe haiingii, hata tone moja. Sitaki mahari irudi kwa sababu ya kitu kitamu.

Tantine, umeniweza. Ila mdogo wangu amesema kioo. Nafikiria vikombe kwa wageni wote na bakuli moja dogo la kioo kwa meza ya wazee. Mnaonaje?

Tantine Kamalondo

Hapo sawa. La wazee watapiga nalo picha.

Binti Likasi

Kuhusu pombe kuna njia. Harufu ile ya kirsch kwa sehemu kubwa inatoka kwenye mbegu ya cheri, nayo ni ndugu na harufu ya lozi. Chukua kile kikombe cha maji mepesi cha Fundi, tia maji ya nusu limao na matone mawili matatu ya esansi ya lozi. Usizidishe, itanuka dawa ya kikohozi. Soma chupa kwanza: esansi nyingi zimetengenezwa kwa alkoholi, na kwa mchungaji wako ni afadhali utafute ile isiyo nayo.

Na Baba Mapacha, tusigombane juu ya jina. Hii ni trifle, kitu cha Waingereza, imeazima tu ladha ya Wajerumani. Trifle za mwanzo, karne ya 16, zilikuwa krimu yenye sukari, tangawizi na maji ya waridi. Gato iliingia baadaye. Kwa hiyo Mama wa Katuba ana ruhusa ya kuigeuza anavyotaka.

Baba Mapacha

Nimekubali. Lakini chupa yangu nakuja nayo mfukoni.

Mjukuu wa Kipushi

Mbona hamsemi juu ya masuku? Yameanza kutoka porini, barabarani wanayauza kwa beseni. Cheri za kopo ni za nini, wakati tuna tunda letu?

Fundi wa Gato

Mjukuu, masuku nayapenda kuliko wewe, lakini nyama yake ni rojo na mbegu zimejaa. Ukiyachuja unapata rojo tamu ya rangi ya kahawia, na juu ya chokoleti ya kahawia wakwe hawataona tabaka yoyote. Hapa tunataka kitu chekundu na kichachu, maana chokoleti na krimu vyote viwili ni vizito na vitamu. Kazi ya cheri ni kukata ule utamu.

Ndiyo maana, yaya, usinunue zile cheri nyekundu za kung'aa za kupamba vinywaji. Zimejaa sukari na rangi, hiyo rangi ndiyo itatembea kwenye krimu yako usiku kucha. Tafuta za chupa, nyeusi-nyekundu, chachu, zilizotolewa mbegu. Chupa ya kawaida inatoa kama gramu 350 za cheri zikichujwa, kwa hiyo nne zinatosha. Cheri mbichi usisumbuke nazo. Mti wake unataka baridi ndefu ndipo utoe maua, kwetu hauwezi, na zile za Afrika Kusini ndiyo kwanza msimu unaanza. Hata ukizipata, bei itakutoa machozi, halafu ukae kutoa mbegu moja moja.

Kama utapata za utamu mtupu, chemsha yale maji yake na kiganja cha maua makavu ya rozela, yale ya juisi nyekundu, uyachuje kabla ya Maizena. Uchachu utarudi na rangi itakolea.

Nesi wa Kampemba

Naomba mnisikilize na mimi. Mayai, maziwa, krimu, hema, joto. Chakula cha namna hii kisikae nje ya baridi zaidi ya muda wa saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 ni saa moja tu. Sijui hotuba za wajomba wenu zinachukua muda gani, zetu zinazidi hapo. Vikombe vibaki kwenye glasyere (sanduku la kutunza baridi) yenye barafu mpaka sahani za nyama ziondoke mezani. Umeme ukikatika usiku, usifungue frigo kila mara kuangalia kama vimeharibika. Frigo isiyofunguliwa inashika baridi kwa muda wa kama saa nne. Anza leo kugandisha chupa za maji, zitakusaidia nyumbani na njiani.

Mama wa Katuba

Nesi, wajomba zangu wawili wanapenda kipaza sauti kuliko chakula. Nimekuelewa.

Imebaki krimu. Ile ya boksi au ya unga?

Fundi wa Gato

Kwa Golf chini ya hema, changanya. Krimu ya boksi ina ladha, lakini angalia pakiti: mafuta yasiwe chini ya asilimia 30, zaidi ya hapo ni vizuri, la sivyo utapiga mpaka mashine ichoke. Ilale kwenye frigo usiku mzima, na bakuli la kupigia nalo liwe baridi. Ya unga haina ladha kubwa, ila inavumilia joto. Lita 1 ya boksi na pakiti mbili za unga, pigeni pamoja. Ukitaka ya boksi peke yake, kila nusu lita iongezee kijiko kimoja cha chai cha jelatini: ilowekwe kwenye maji baridi, iyeyushwe bila kuchemka, ipoe, imiminwe kidogo kidogo mashine ikiwa inazunguka. Uliza tu jelatini ni ya nini, kama kuna mgeni asiyekula nguruwe.

Ijumaa jioni panga gato, maji ya cheri, cheri, kastadi, na kwa vile ni vikombe usirudie tabaka, moja moja inatosha. La wazee ndilo rudia mara mbili, na cheri kadhaa zibandike kwenye kioo kwa mkono kabla ya kumimina kastadi, hapo ndipo macho yanapokwenda. Krimu ya juu usiiweke Katuba. Ipige, ijaze kwenye mfuko wa plastiki safi, ibebe kwenye barafu, kata ncha ya mfuko ukifika Golf. Chokoleti ya kukwaruza juu nayo iwe ya mwisho.

Tantine Kamalondo

Na bakuli la kioo asilishike mtoto kwenye taksi. Lifungie kitambaa, likae chini miguuni kwako, siyo kwenye kiti. Dereva akikimbilia mashimo, mwambie kuna mahari ndani.

Mama wa Katuba

Kesho naenda sokoni kutafuta chupa nne. Kuna anayejua duka lenye vikombe vyenye vifuniko? Bila kifuniko vumbi la njiani litaingia kwanza kabla ya krimu.

Binti Likasi

Waulize wanaouza yogati ya nyumbani, wana vyao vya mililita 200 na vifuniko, wanakuuzia kwa dazeni. Chukua 50, wakwe hawaji kamwe kwa idadi waliyosema.