Mbweha wamepanda daraja

Kikundi: Ukoo wa Bibi Mwanaisha
Jumamosi, 27 Septemba 2025

Salim Leicester: Assalam aleikum ukoo. Msimu wa kriketi umefungwa leo huku. Leicestershire, Mbweha wetu, ni mabingwa wa Daraja la Pili la ligi ya kaunti, mwakani tunacheza la Kwanza. Mara ya mwisho tulikuwa huko 2003. Naombeni dakika kumi tu niseme yangu, halafu mrudi kwenye harusi.

Da Rukia: Waaleikum salaam. Dakika kumi zako nazijua mimi. Mchango wa Mwajuma umetuma?

Salim Leicester: Nimetuma dada, angalia simu.

Da Rukia: Sijaona kitu.

Hamisi Dar: Shikamoo mjomba. Si timu yenu imeshuka mwaka huu? Imepandaje tena?

Salim Leicester: Marahaba. Iliyoshuka ni Leicester City, ile ya mpira wa miguu. Raga nayo, Tigers, walifika fainali mwezi wa sita wakafungwa na Bath kwa pointi mbili. Kriketi, ambayo mji mzima ulikuwa umeshaisahau, ndiyo imeleta kitu nyumbani. Mungu hana choyo.

Hamisi Dar: 😂😂 Kwa hiyo ndiyo Simba yenu

Salim Leicester: Simba gani. Simba ikikosa ubingwa misimu kadhaa mnataka kuchoma uwanja. Sisi kuanzia 2012 mpaka katikati ya 2015 tulicheza mechi 37 za ligi ya kaunti bila kushinda hata moja. Msimu wa 2013 hakuna ushindi. 2014 hakuna. Siku tulipowafunga Essex kwao Chelmsford nilikuwa kazini, nikajifungia chooni nisome matokeo mara mbili. Na 2022 tukarudia tena, msimu mzima bila ushindi, tukashika mkia.

Hamisi Dar: Mjomba na bado ulikuwa unalipa kiingilio???

Salim Leicester: Mimi ni mwanachama. Klabu ni ya wanachama, ya tangu 1879. Mtu hahami chama chake kwa sababu kimeshindwa.

Zuhura: Baba mwambie Hamisi na habari nyingine ya wiki hii 😊

Salim Leicester: Habari gani?

Zuhura: Kwamba bingwa wa Daraja la KWANZA ni Nottinghamshire. Mara ya kwanza tangu 2010. Surrey alikuwa kachukua mitatu mfululizo, 2022, 23 na 24, tukaenda kumfunga kwake Oval kwa mikimbio 20, yaani pointi 20 za kriketi. Daraja la Pili hongereni sana lakini ni kama kuwa wa kwanza kwenye mtihani wa marudio.

Nuru Maskati: 🔥🔥🔥

Athumani Nrb: Weee! Mtoto kamjibu mzazi hadharani.

Salim Leicester: Huyu nilimpeleka Nottingham akasome. Akarudi na jezi yao ya kijani.

Zuhura: Nilirudi na digrii pia baba

Salim Leicester: Nottingham na Leicester ni mwendo mfupi tu kwa treni, na kwa miaka yote hiyo wao wamekuwa wakija kuchota wachezaji kwetu. Stuart Broad tulimlea sisi, alipoiva wakamchukua. James Taylor, hivyo hivyo. Leo ukienda Trent Bridge, uwanjani kwao, upande mmoja wa uwanja umepewa jina la Broad.

Zuhura: Broad kazaliwa Nottingham. Hata Rehan Ahmed, nyota wako, kazaliwa Nottingham. Mdogo wake Farhan anachezea wapi vile?

Salim Leicester: Kwenu.

Zuhura: Basi 😌

Athumani Nrb: Salim, hapo hebu nikuulize. 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, mkubwa kwa mdogo tukawa redioni, tukatolewa na India kule Durban. Mwaka huohuo nyinyi mkashuka daraja. Na 1996 tuliwafunga West Indies kule Pune, wote wakatoka kwa mikimbio 93, na nyinyi mwaka huo mkachukua ubingwa wa kaunti. Sasa mmepanda. Kenya je? Kombe la Dunia la ova 50 (ova moja ni mipira sita) hatujaliona tangu 2011.

Salim Leicester: Hilo la Kenya ni la kulia pamoja siku nyingine. Mwanya ule wa 2003 ulikuwa mkubwa mno kuachwa ujifunge. Lakini umenikumbusha vizuri: ubingwa wetu wa juu ni mara tatu tu katika historia, 1975, 1996 na 1998. Na 1975 ndiyo mwaka kijana mmoja aitwaye David Gower alianza kuichezea Leicestershire, baadaye akawa nahodha wa Uingereza. Unajua alikulia wapi utotoni?

Athumani Nrb: Usiniambie Mombasa.

Salim Leicester: Dar es Salaam. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Tanganyika. Walirudi Uingereza mtoto ana miaka sita, baada ya uhuru.

Hamisi Dar: Kumbe ni mtani wetu!! Angebaki angekuwa Yanga huyo

Da Rukia: Salim, hela imeingia. Asante mdogo wangu. Endeleeni.

Nuru Maskati: Ami Salim mimi nauliza swali la kijinga. Mechi ya siku nne, inaisha sare, watu wanapiga makofi wanaenda nyumbani. Sisi Oman wiki iliyopita tumecheza na India kwenye Kombe la Asia, ova 20, saa chache tu. Tumefungwa kwa mikimbio 21 lakini wallahi tuliwatoa jasho. Hiyo ya siku nne raha yake iko wapi?

Salim Leicester: Oman walicheza vizuri, nilitazama. Sasa sikiliza mwanangu. Ova 20 mtu mmoja akiamka vizuri mechi yako. Siku nne hazikubali kudanganywa. Siku ya kwanza Aprili, mvua inatishia, mpira unayumba hewani, wapigaji wa mwanzo wanacheza kwa vidole vilivyoganda. Siku ya tatu uwanja umekauka, Rehan anazungusha mpira unakatia ndani. Timu isiyo na watu wa kila hali itafichuka tu, kama si Jumatatu, Jumatano. Na sare si bure: kushinda ni pointi 16, sare 8, na juu ya hapo kuna pointi za nyongeza. Ukifikisha mikimbio 250 kwenye ova 110 za kwanza unaanza kukusanya, mpaka 450 unakuwa na 5. Warushaji nao wana 3 zao, kwa wiketi (yaani wapigaji waliotolewa) tatu, sita, tisa. Kwa hiyo hata mechi iliyokufa, watu wanapigania kitu. Tulivyoongoza msimamo sehemu kubwa ya msimu ni kwa hivyo, kuokota hata siku mbaya.

Hamisi Dar: Mjomba pointi 8 za sare ni nyingi. Huku ni 1

Salim Leicester: Ndiyo, ilikuwa 5 wakaongeza. Wapo wanaolalamika kuwa timu zinaogopa. Mimi naona sawa, maana mvua ya hapa si kosa la mchezaji.

Nuru Maskati: Na huyo Rehan ni yule wa Pakistan?

Salim Leicester: Wa Uingereza. Ndiye mdogo kuliko wote kuwahi kuichezea Uingereza mechi ya test, ile ya kimataifa ya siku tano, kwa wanaume, Karachi, Desemba 2022, ana miaka 18, akachukua wiketi tano kwenye zamu moja. Tangu hapo kila mtu alikuwa anamwona mrushaji tu. Mwaka huu wamempandisha kwenye mpangilio wa wapigaji, na amekuwa mtu mwingine. Julai na Derbyshire kapiga mikimbio 115, halafu kachukua wiketi 13 mechi hiyohiyo. KUMI NA TATU Nuru. Mimi nimekaa Grace Road, uwanjani kwetu, miaka mingi, kuna watu wanastaafu hawajapata hizo kwa mwezi.

Nuru Maskati: Mashallah

Zuhura: Huyo ni moto kweli, sibishi.

Salim Leicester: Lakini nisichotaka ni ukoo huu kudhani ni timu ya mtu mmoja. Angalia waliobaki. Ben Cox, mlinda wiketi, katoka Worcestershire. Trevaskis katoka Durham. Ian Holland katoka Hampshire. Ben Green, Somerset. Rishi Patel, Essex. Budinger katoka kwa akina Zuhura, walimwona hafai. Handscomb, Mwaustralia, ndiye nahodha. Kocha Alfonso Thomas, wa Afrika Kusini. Wengi wao ni watu ambao kwao hawakuwa na nafasi. Sasa angalia waliokwenda chini kutoka Daraja la Kwanza mwaka huu ni nani.

Zuhura: Durham na Worcestershire 🤐

Salim Leicester: Asante.

Athumani Nrb: 😂😂😂 Hapo umempata.

Zuhura: Worcestershire wamechukua kombe la siku moja lakini! Wamewafunga Hampshire. Msiwazike wazima.

Salim Leicester: Kweli, na nawapongeza. Kombe hilo tulilichukua sisi 2023, hukohuko Trent Bridge, nao walikuwa Hampshire hao hao, kwa mikimbio 2. Harry Swindells 117 bila kutoka, na Josh Hull, kijana wa miaka 19 mrefu kama mnazi, karusha ova ya mwisho. Nilifurahi. Lakini sikulia. Mwaka huu nimelia.

Da Rukia: Ulilia?

Salim Leicester: Kidogo dada.

Da Rukia: Ulipofunga ndoa hukulia.

Hamisi Dar: 💀💀💀

Salim Leicester: Niwaambieni kwa nini. Pale Grace Road nakaa na mzee mmoja, kazaliwa Jinja. Walifukuzwa na Amin 1972. Anasema kabla hawajafika, halmashauri ya mji huu ilitia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije Leicester, mji umejaa. Wakaja. Sasa Belgrave Road yote unaijua, dhahabu, sari, mithai. Mzee huyo ana daftari la kuandikia matokeo, penseli nyekundu kwa wiketi na ya bluu kwa mapigo ya mikimbio minne. Kila mpira anatia nukta, mkono unatetemeka lakini haruki hata mmoja. Tunaongea Kiswahili, chake cha Uganda kinanichekesha, changu anasema ni cha kitabu. 2014 kulikuwa na siku ambazo tulikuwa tumekaa sisi wawili na viti vingi. Alikuwa ananimiminia chai ya tangawizi anasema, "Ngoja tu, Salim." Sasa jioni ilipothibitika tumepanda, alifunga daftari akaniambia penseli nyekundu imekwisha, aende kununua.

Nuru Maskati: Ami umeniliza na mimi jamani

Hamisi Dar: Kwa hiyo wapo Waswahili uwanjani. Wahindi wa huko si wengi? Uwanja unajaa?

Salim Leicester: Hilo ndilo linaloniuma. Nenda bustani yoyote ya mji huu Jumapili, watoto kwa wazee wanacheza kriketi, mpira wa tenisi umevishwa utepe. Ligi za mitaa zimejaa. Lakini mechi ya siku nne inaanza katikati ya juma watu wako viwandani, na ukifika mlangoni humwoni mtu aliyekuja mtaani kwako kukualika. Tuna Rehan, tuna Rishi Patel, majina ambayo kila nyumba ya Belgrave ingeyabandika ukutani. Klabu isipofanya kazi hiyo sasa, mwaka ambao kuna cha kujivunia, itafanya lini?

Zuhura: Na Agosti wanakuchukulia hata hao. Rehan mwaka huu alikuwa Trent Rockets kwenye Hundred, ile ligi ya mipira mia.

Salim Leicester: Timu nane, kaunti 18. Hesabu wenyewe nani anabaki nje. Mwezi wa jua kuliko yote tunacheza na watoto wa akiba. Hasira yangu juu ya Hundred nitaituma kwa sauti, kuandika vidole vinachoka.

Da Rukia: Usitume sauti. Ya mara iliyopita ilikuwa dakika kumi na moja.

Athumani Nrb: Sasa sema ukweli ndugu yangu, bila ushabiki. Mwakani mtakaa huko juu?

Salim Leicester: Bila ushabiki? Naogopa. Daraja la Pili kuna timu nane na ulikuwa unawafahamu wote. La Kwanza ni kumi, unakutana na Surrey ambaye mrushaji wake mmoja akiumia anatoa mwingine aliyechezea taifa. Sisi akiumia Hull na Holland pamoja, sijui tunaleta nani. Wapigaji wetu wa mwanzo wakitoka mapema tulikuwa tunaokolewa na watu wa katikati, na Daraja la Kwanza hawatakuachia mara zote. Nikiambiwa leo nisaini tubaki, tusishuke tu, nasaini sasa hivi na wino wa damu. Na Glamorgan tuliopanda nao wanawaza hivyohivyo, nakuhakikishia. Wao wamekaa chini miaka ishirini.

Zuhura: Baba mbona unajikatia tamaa kabla ya Aprili

Salim Leicester: Sijakata tamaa. Nimefuata timu iliyokwenda mechi 37 bila kushinda. Hofu hii ni ya starehe.

Zuhura: Haya basi, ratiba ikitoka lazima tukutane, timu kumi kila mmoja anamkabili mwenzake angalau mara moja. Rehan kwa Farhan. Wewe kwa mimi. Atakayefungwa anapika biriani ya watu wote Idd.

Salim Leicester: Na sare?

Zuhura: Sare mnapika nyinyi, si mnasema ni pointi 😂

Hamisi Dar: Mimi niko upande wa biriani

Da Rukia: Salim hajawahi kupika biriani maisha yake. Nuru, muulize mama yako vile vitambaa vya Mwajuma vinafika lini, fundi anasubiri.

Nuru Maskati: Vimeshatoka Maskati shangazi, anakuja navyo mtu wa ndege ya Jumanne.

Salim Leicester: Nakubali. Ila tukishinda sisi, Zuhura unavaa jezi ya Mbweha siku nzima na picha inakuja humu.

Zuhura: Picha moja. Bila uso.

Athumani Nrb: Na uso! Kikundi kimepitisha.