Wafadhili wetu wa miaka mingi wanaaga, shule itasimamaje?

Mhazini_Pongwe
Habari za jioni waungwana. Naomba mawazo, kuna jambo linaninyima usingizi. Mi ni mweka hazina wa shule ya msingi ya binafsi huku Pongwe, Tanga, siyo ya biashara, iko chini ya taasisi, ilianza na vyumba viwili vya mabati na mwalimu mmoja ambaye mpaka leo yupo. Watoto 46 hawalipi ada, wengi yatima au wanalelewa na bibi zao, hao wanalipiwa na kikundi cha wazee wa Ujerumani waliokuja mara moja tu zamani wakakuta watoto wanakaa chini, tangu hapo hela inakuja kila muhula hawajawahi kukosa. Wiki iliyopita imekuja barua, wanasema umri umekwenda, wenzao wawili wamefariki, watatuma mpaka Desemba mwakani basi. Wameandika kwa upole mpaka mwalimu mkuu kalia pale ofisini.

Sasa wakati huohuo kajitokeza mfadhili mwingine anataka kutujengea chumba cha kompyuta, jengo na mashine zake, ila kasema wazi hela yake haiingii kwenye mishahara wala ada. Kamati imegawanyika, wengine wanasema jengo litavuta wazazi wenye uwezo shule ikue, wengine wanasema tutajengaje huku watoto 46 wanatoka getini. Nyie mlioko mashuleni mnafanyaje? Najua za serikali hazina ada na ziko nzuri tu, lakini kuna watoto pale mwalimu ndo mzazi pekee waliyebaki naye.

Bi_Chumbageni
Pole mwanangu. Mimi nimestaafu ualimu, na shule ya mwisho niliyofundisha tuliletewa sola, siku ya ufunguzi ngoma, pilau, na bango kubwa la jina la mfadhili. Mwaka wa nne betri zikavimba. Tukamwandikia, akajibu mradi ule ulishafungwa. Paneli zipo juu ya bati hadi leo, na chini yake watoto wa bweni wanasomea tochi za simu za matroni.

Jengo usilikatae, ila kaa na huyo mfadhili umwambie gharama zote za kweli: umeme wa kila mwezi, fundi, mlinzi, mwalimu wa kompyuta, angalau miaka mitatu. Sisi watu wa pwani tuna haya, mgeni akileta kiatu tunashukuru hata kama kinabana. Akisikia mahesabu akaondoka, basi jengo lile lingekuwa mzigo wenu.

Mjukuu_wa_Ngamiani
Naunga mkono Bi Mkubwa, ila mi naangalia mbali kidogo. Wazee wetu hili walishalijua, ndo maana ya wakfu. Mtu anaacha nyumba au shamba la minazi, si halali kuuzwa wala kurithiwa, kodi na mavuno ndo yanawasha taa ya msikiti na kumlisha mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwenye mali kafa zamani, chuo kinasoma. Shule zetu zinaomba hela ya kula muhula huu, muhula ujao tunaomba tena, hatujawahi kuomba mnazi!

Hata huko kwa wenzetu shule zinazodumu zimesimama hivyohivyo. Milton Hershey, yule wa chokoleti kule Marekani, yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto, 1909 wakaanzisha shule ya mayatima, mke akatangulia, halafu 1918 mzee akaikabidhi shule hisa zake za kiwanda. Shule ipo mpaka leo na watoto hawalipi kitu. Waandikieni hao wazee wa Ujerumani, msiwaombe waendelee, waombeni hela ya mwaka wa mwisho muigawe, sehemu iwe ada na sehemu mnunue kitu kinachozaa, hata fremu mbili za duka hapo barabarani Pongwe.

Hesabu_Raskazone
Fremu ni sawa ila msisahau hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali, unaanzia milioni moja, riba inaingia mara mbili kwa mwaka na hukimbizani na mpangaji. Fungueni akaunti ya peke yake, na iandikwe kwenye katiba ya taasisi kwamba mtaji haugusiki, inatumika faida tu, maana mishahara ikichelewa mkono utaenda hukohuko. Pia kama mmesajiliwa kama NGO, mkataba wa ufadhili unaozidi milioni 20 lazima uwasilishwe kwa msajili, msiuache kwenye droo. Na msirudi kutegemea mlango mmoja, Januari 2025 Marekani walivyosimamisha misaada yao watu walilala na kazi wakaamka hawana.

Nesi_Bombo
Nimesoma nikashindwa kupita. Mimi nililipiwa hivyohivyo, shule nyingine si hiyo yenu, kuanzia la tatu mpaka la saba. Kila Desemba tulikaa kuandika kadi za kushukuru, nilikuwa nachora mashua kwa sababu baba yangu alikuwa mvuvi, alifia baharini. Leo ni nesi, nina mshahara. Hakuna siku hata moja shule imenipigia simu kuniuliza uko wapi, unaweza kumsaidia mwenzio. Ningetoa. Elfu kumi kwa mwezi ningetoa bila kuombwa mara ya pili, na tuko wengi. Nyie mna namba za watoto wenu waliomaliza?

Mhazini_Pongwe
Dada yangu umenigusa pabaya. Hatuna. Tuna daftari la uandikishaji la miaka ile ya mwanzo, jalada limeliwa na mchwa, majina yanasomeka na majina ya walezi na mtaa. Mwalimu wetu wa kwanza anawakumbuka wengi kwa sura, kesho baada ya vipindi nakaa naye tuanze ukurasa wa kwanza. Suala la jengo nimemwandikia mfadhili leo kama Bi Mkubwa alivyosema, na gharama zote nimeweka. Akijibu nitaleta hapa.