Mbwa wangu mdogo analia nikitoka tu, majirani wamenichoka, naombeni ushauri

MamaSimba
Habari zenu wadau, wa kunicheka wacheke kimya kimya. Nina mbwa mdogo, Japanese Spitz dume, ana mwaka na kidogo, anaitwa Simba (jina walimpa watoto wa dada yangu, mwenyewe anakimbia hata kuku). Napanga Sinza, chumba na sebule, uwanja wa pamoja na wapangaji wengine. Zamani nilikuwa nafanyia kazi nyumbani tunashinda wote kutwa, sasa hivi tumerudishwa ofisini Posta, natoka alfajiri narudi jioni na foleni zetu hizi mnazijua.

Basi shida imeanza hapo. Nikishika funguo tu anaanza kutetemeka na kunifuata miguuni, nikifunga mlango analia, na sio kubweka, ni ule mlio mrefu wa kuvuta hadi wa nyumba ya tatu wanasikia. Nikirudi nakuta mkojo mlangoni, zulia limelowa mate, na fremu ya mlango ameichimba kwa chini mpaka mbao imebaki nyeupe, juzi ukucha mmoja ulikuwa unatoa damu. Namwachia maini, anayapenda kufa, lakini hagusi kabisa, nikiingia ndo anakimbilia bakuli. Mama mwenye nyumba ni mstaarabu sana ila amesema kodi ikiisha "tuongee kidogo mwanangu", na mpangaji yeyote anajua hayo maneno yanaelekea wapi.

Kuna mtu kazini kaniambia nimpe Piriton awe analala. Ni salama? Au nimtafutie mwenzake wawe wawili?

Mzee wa Mbezi
Binti, mbwa ni wa nje. Mfunge chini ya mti mchana, usiku mfungulie alinde, hayo mambo ya kulia yataisha yenyewe. Mnawalaza kwenye makochi halafu mnashangaa. Akikojoa ndani mpige kidogo na umwoneshe alipokojoa, atashika adabu.

Kijogoo_TZ
😂😂 Mzee kaua. Ila dada mpe tu huyo mbwa mtu mwenye shamba, stress za nini na maisha yenyewe haya

NeemaK
Shikamoo mzee wangu, heshima yako naiweka palepale ila hapo kwenye kupiga nakataa. Huyo mbwa alikojoa asubuhi, dada anarudi jioni anampiga, mbwa hawezi kuunganisha hayo mawili, atakachojua ni kwamba mama akirudi kuna kipigo, sasa hofu ya kuachwa inaongezewa na hofu ya kurudiwa. Na Spitz na manyoya yale, umfunge juani Dar mwezi wa pili? Utamuua na joto. Halafu akiwa nje atalia vilevile, tofauti ni kwamba mtaa mzima utasikia vizuri zaidi.

MamaSimba, kilichonishtua ni maini. Mbwa mtundu aliyeboreka anakula kwanza maini halafu ndo anatafuna viatu vyako. Asiyegusa chakula anachokipenda mpaka urudi, anatoka mate, anachimba mlangoni palepale ulipotokea, huyo ana hofu kweli kweli, hakukomoi. Kwa hiyo hata ukimnunulia midoli ya elfu hamsini haitasaidia kwa sasa. Na mwenzake usinunue, anachokikosa ni WEWE sio mbwa mwingine, utajikuta na wawili wanaolia kwa sauti mbili.

Wa kwangu (mchanganyiko tu, wa kuokota) alikuwa hivyohivyo. Cha kwanza nilichofanya ni kumrekodi, chukua simu yako ya zamani iegemeze kwenye kopo la sukari ielekee mlangoni, toka, kaa hata kwenye duka la nje, halafu rudi uangalie. Unataka kujua anaanza kuhangaika dakika ya ngapi, sio kulia, KUHANGAIKA, kuzunguka, kuhema, kusimama akitazama mlango. Kama ni dakika moja basi mazoezi yako yote ni chini ya dakika moja. Unatoka sekunde kadhaa, unarudi kabla hajaogopa, unakaa kawaida bila mbwembwe, akitulia unarudia. Ukiona anabaki amelala, ongeza kidogo, kesho punguza, changanya changanya asikariri kwamba kila mara muda unaongezeka. Akianza kuhema umezidisha, rudi nyuma.

Na funguo hizo: zishike halafu kaa uangalie tamthilia yako. Vaa viatu vya kazini nenda jikoni kaoshe vyombo. Fanya hivyo mpaka funguo zikilia hata hainui kichwa.

Sasa kipengele kigumu ambacho watu wanakiruka: wakati wa mazoezi asiachwe peke yake kutwa. Unafundisha jioni sekunde thelathini halafu asubuhi unamwachia masaa kumi, unabomoa ulichojenga. Tafuta mtu, fundi cherehani wa jirani, bibi anayeshinda nyumbani, binti aliyemaliza fomu foo anasubiri matokeo, mpe hela kidogo akae naye. Hii ndo gharama yenyewe, mengine yote ni bure.

DktMifugo_Moro
NeemaK kaeleza vizuri, naongezea upande wa dawa. Piriton ni dawa ya mzio, inaweza kumtia usingizi kidogo lakini hofu haiondoi, na watu wengi wakisema Piriton wanachukua dawa yoyote ya mafua iliyopo kabatini, nyingine zina paracetamol au dawa ya kuzibua pua, hizo zinaweza kumdhuru vibaya sana mbwa wa kilo nane. Vilevile zipo dawa za kutuliza ambazo mwili unalegea huku kichwa bado kinaogopa, unaona kalala unadhani kapona.

Kwanza apimwe mkojo, maana mbwa mwenye maambukizi ya kibofu naye anakojoa ndani. Akiwa mzima na hali ni mbaya kama unavyosema, zipo dawa za kweli za tatizo hili, Marekani walisajili clomipramine mwaka 1998 na fluoxetine 2007 kwa ajili ya mbwa wanaoogopa kuachwa. Hazifanyi kazi siku hiyohiyo, zinataka wiki nne hadi sita, na lazima ziende na mazoezi. Fluoxetine utaiona hata famasi za binadamu, usijinunulie, dozi ni kwa uzito na daktari anatakiwa kujua dawa nyingine anazotumia. Ukikwama mjini, hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) hapa Morogoro wapo.

Na usimfungie kwenye banda dogo la chuma ili asichimbe mlango. Nimeshaona waliovunja meno na kung'oa kucha wakijaribu kutoka.

Mzee wa Mbezi
Sawa daktari, ya kupiga nimeifuta. Ya mti bado naifikiria 😄

MamaSimba
Shukrani nyingi kwenu nyote, mzee shikamoo, hujanikwaza. Mrejesho kidogo: nimerekodi. Yani hata geti sijafika, ameshaanza kuzunguka na kuhema, alipoacha kuzunguka akalala na pua chini ya mlango pale kwenye upenyo. Nimeiangalia mara moja nikaizima.

Mkojo unapimwa Jumamosi. Nimeongea na dada wa saluni hapa chini, amekubali ashinde naye pale, shida wateja wake wengine hawataki mbwa karibu kwa sababu za dini na nawaelewa, kwa hiyo atakuwa chumba cha nyuma na binti wa kazi. NeemaK swali, mazoezi nikifanya alfajiri kabla ya kazi ni sawa au lazima jioni?

NeemaK
Muda wowote sawa mradi hujawa na haraka, maana ukiwa na haraka utamwongezea muda kwa sababu ya basi na sio kwa sababu yeye yuko tayari. Mimi nilikuwa nafanya usiku naenda kutupa taka, mfuko mmoja mmoja.

Kijogoo_TZ
Dada wa saluni analipwaje kwa siku? Nauliza kwa ajili ya rafiki yangu ana kasuku