Kifaa cha kuzuia ndege kugongana kikizibwa nusu ili mashindano yawe ya haki: mko upande gani?

Mbeba Bawa:
Wakuu, habari za jioni. Niko Ujerumani mwaka wa saba sasa, na wikendi najitolea kwenye klabu ya glaida, zile ndege zisizo na injini. Kazi yangu ni kuunga mabawa asubuhi, na jioni kumfuata kwa gari na trela rubani aliyekosa hewa akatua kwenye shamba la viazi la watu.

Juzi kwenye mashindano nilikuwa nabandika utepe kwenye maungio ya bawa, rubani wangu akaniambia nihakikishe FLARM iko kwenye "kujificha". Kwa wasiojua: FLARM ni kidude kidogo, Waswisi walikitoa 2004. Kinajua mko wapi kwa GPS, kinapiga hesabu ya mtakapokuwa sekunde chache mbele, kinawatangazia wenzake kwa redio. Mkielekea kugongana, kinalia. Tatizo ni kwamba kinaonyesha pia nani yuko wapi na anapanda kwa kasi gani. Glaida ushindi wake ni kuupata mkondo wa hewa inayopanda. Sasa kioo kikikuonyesha jamaa yuko kilomita nane mbele anapanda mita 3 kwa sekunde, huna haja ya kutafuta chochote, unakwenda kujipachika chini yake. Wenyewe wanawaita watu wa hivyo ruba.

Basi wakaleta hii ya kujificha. Aliye zaidi ya kilomita 2, au juu au chini yako kwa zaidi ya mita 300, humwoni, labda kuwe na hatari ya kugongana. Kasi yake ya kupanda inafichwa, na namba yake pia.

Mimi naona ni ujinga. Kifaa cha kuokoa roho hakifungwi kitambaa. Semeni.

Kata Gia:
Mkuu, ndege isiyo na injini ni daladala iliyokata gia mteremko wa Kitonga. Tofauti ni kwamba huko mnalipia kufanya hivyo, huku tunalipishwa faini. Wenye hela wana mambo.

Binti wa Mweiga:
Kata Gia, unaongea kitu hujaona. Mimi nimelelewa Nyeri, na Mweiga kulikuwa na klabu ya glaida. Tukitoka shule tulikuwa tunasimama kwenye ua kuangalia. Inavutwa juu, kamba inaachiliwa, halafu haishuki! Inazunguka pale pale ikipanda hadi inakuwa nukta. Hebu nionyeshe daladala iliyowahi kupanda Kitonga ikiwa imezimwa.

Na hiyo ya kumfuata mwenzako aliyepata hewa, tumbusi hufanya hivyo kila siku. Mmoja akianza kuzunguka, wengine wote wanakuja. Nao ni ruba?

Kata Gia:
Tumbusi hawashindanii kombe dada, wanashindania mzoga.

Binti wa Mweiga:
Tumbusi mmoja aligongana na ndege ya abiria karibu na Abidjan mwaka 1973, zaidi ya mita 11,000 juu. Huyo angekuwa na FLARM tusingekuwa tunamtaja leo. Heshimu ndege.

Nyayo za Eldoret:
Mimi hilo neno ruba limenichoma. Nimekimbia barabarani miaka tisa. Kukaa nyuma ya mwenzako akukatie upepo, halafu kumtoka kilomita ya mwisho, huo ndio mchezo wenyewe. Hakuna aliyewahi kuniita mwizi. Kipchoge pale Vienna 2019 alikimbia 1:59:40 huku wawekaji kasi wamemzunguka, na dunia nzima ikasimama kupiga makofi.

Mzee Nukta:
Na ndiyo maana haikuandikwa rekodi ya dunia. Umejijibu mwenyewe.

Nyayo za Eldoret:
Mzee, toa viatu ukimbie hata dakika kumi kwa kasi ile, kisha urudi hapa tuongee rekodi.

Mzee Nukta:
Sijasema hana mbio. Nimesema kuna sheria. Mambo mawili tofauti, ila nyie mkiguswa Kipchoge mnasimama wote kama mmeimbiwa wimbo wa taifa.

Nyayo za Eldoret:
Tutasimama. Na wewe ukipita utusalimie.

Bakari wa Pembeni:
Jamani. Mtu kauliza habari ya glaida. Nami nina neno moja la hesabu, kwa sababu Mbeba Bawa amesema "ujinga" haraka mno.

Glaida mbili zinakuja uso kwa uso, kila moja 200 kwa saa. Pamoja ni 400, yaani kama mita 111 kila sekunde. Kilomita 2 zinaisha kwa sekunde 18. Kengele ya FLARM nayo kazi yake iko humo humo ndani ya sekunde hizo, wala hailii dakika tano kabla. Kwa hiyo hiyo kilomita 2 haikuokotwa barabarani, na anayejificha bado kengele yake inalia. Kinachofichwa ni umbea, nani yuko wapi na anafaidi nini.

La pili, hili si geni. Sheria za mashindano ya dunia zinakataza siku nyingi kubeba vyombo vya kurukia bila kuona ardhi, mfano kile kinachoonyesha upeo wa macho. Ukiingia winguni kwa bahati mbaya, hicho ndicho ungekililia. Lakini wakikiruhusu, kuna atakayeingia winguni makusudi ili apande zaidi. Mbeba Bawa, kama FLARM kuzibwa ni ujinga, hicho nacho turuhusu?

Mbeba Bawa:
Bakari, "umbea" umenikosea. Mimi nimewasikia marubani wakieleza wakiwa thelathini kwenye mkondo mmoja, wanazunguka, mmoja hajui mwenzake yuko upande gani. Bawa jeupe likikutazama mbele kwa mbele ni uzi. Wewe uko kwenye kiti cha plastiki unaita umbea.

Bakari wa Pembeni:
Hao thelathini wote wako ndani ya kilomita 2. Wanaonana. Swali langu la winguni?

Kata Gia:
Ngojeni. Mbeba Bawa kasema kifaa cha kuokoa roho hakifungwi kitambaa. Kaka, sisi tulikifunga kitambaa kweli kweli. Nimeendesha basi la mkoa miaka kumi na moja. Kile cha VTS, kifaa cha kufuatilia mwendo wa basi, ukipita 80 kinalia tiii, tiii, na abiria ndio wa kwanza kupiga kelele: dereva, nyamazisha huo mdudu, mtoto analala. Kampuni siitaji. Tulikuwa na taulo dogo la bluu kwa kazi hiyo tu.

Binti wa Mweiga:
Kumbe nyinyi ndio mnatuua barabarani halafu unacheka glaida.

Kata Gia:
Sijaua mtu, dada. Nakuambia ilivyo. Mwenzangu wa kampuni nyingine akifika Moro dakika arobaini kabla yangu, kesho abiria wote wake. Mwenye kutii ndiye anayekosa mkate.

Mzee Nukta:
Kenya ilikuwa hivyo hivyo. Februari 2004 Michuki, waziri wa uchukuzi, alileta vidhibiti mwendo na mikanda, matatu zote 80. Mwanzoni watu walikaa wima kama kanisani. Baadaye kila stendi ikapata fundi wake wa waya.

Nyayo za Eldoret:
Hapo mzee nakubaliana na wewe, na naandika kwa uchungu.

Bakari wa Pembeni:
Basi ndiyo hivyo hivyo kwenye glaida. Januari 2020, mashindano ya dunia ya wanawake huko Lake Keepit, Australia. Mienendo ya ndege ilikuwa inaonyeshwa kwa kuchelewa makusudi. Timu ya wenyeji ikapata njia ya kuiona bila kuchelewa, ikakatwa pointi. Ukiacha taarifa wazi, watu wataitumia, nao si wahuni wa stendi, ni watu wa kombe la dunia.

Kata Gia:
Wahuni wa stendi? Bakari, umeanza.

Bakari wa Pembeni:
Nimekosea neno. Samahani, dereva.

Kata Gia:
Kubali tu kwamba taulo langu na kujificha kwao ni kitu kimoja.

Bakari wa Pembeni:
Hapana. Lako lilizima kengele.

Mbeba Bawa:
Haya, nitakubali nusu. Kengele ikibaki, sina ugomvi mkubwa. Ila namba ya ndege kufichwa sijaielewa mpaka leo, kwa sababu ukimwona mtu karibu unataka kumwita kwenye redio kwa jina. La winguni nitalijibu nikitoka kazini.

Binti wa Mweiga:
Kabla hujaenda: hiyo ikitua kwenye viazi, mwenye shamba analipwa na nani?

Mbeba Bawa:
Bima ya ndege. Ila wakulima wengi wanachotaka ni kuingia kukaa kwenye kiti na kupigwa picha. Mwaka jana mmoja alitukataza kuitoa mpaka mama yake aje aione. Tulisubiri mpaka saa mbili usiku, mama akaja na keki.

Kata Gia:
Keki ya nini?

Mbeba Bawa:
Ya tufaha.