Vijana wanaacha mafunzo wiki ya tatu: tuanze na kisomo au ufundi?

Mwalimu wa Jioni:
Habari zenu wakuu. Nafundisha kusoma, kuandika na hesabu kwa vijana walioacha shule, wa miaka 16 hadi 22. Wengine wametoka rumande, wengine wana watoto wachanga, wengine hawana pa kulala pa uhakika. Utaratibu wetu ni kisomo miezi mitatu, ndipo karakana ya useremala. Kila kundi ni yale yale: mwanzoni darasa linajaa, wiki ya tatu linapukutika, wanaofika karakana wanahesabika. Wafadhili wanasema vijana hawako makini. Mimi nawajua watoto hawa, makini wanao. Kuna aliyegeuza mpangilio, ufundi ukatangulia?

Fundi Randa:
Mwalimu, usivitenganishe. Mtu aliyelikimbia darasa ana miaka 13, ukimkalisha tena mbele ya ubao umemrudisha palepale alipoumia. Mimi wanaingia karakana siku ya kwanza, na hesabu inaingia nao. Wape mbao mbili waziunge pembe mraba kwa macho. Watabahatisha. Kisha wape futi kamba: kutoka kwenye kona, sentimita 30 ubao huu, 40 ubao ule, tia alama, pima kutoka alama hadi alama. Ikisoma 50, pembe imekaa. Ikizidi au ikipungua, sogeza. Binti mmoja aliniuliza kwa nini iwe 50 na si 52. Hapo ndipo nikachukua chaki: 30 mara 30, 40 mara 40, jumlisha, unapata 2,500, ambayo ni 50 mara 50. Alikuwa ameshaambiwa hesabu si zake. Jioni ile alikataa kuondoka mpaka ajaribu 60 na 80. Kusoma ni hivyo hivyo: orodha ya mbao, maelekezo ya gundi, onyo lililobandikwa kwenye msumeno wa umeme. Onyo lile hakuna anayelisoma kwa uvivu.

Mfuatiliaji:
Fundi kasema kweli, na si yeye peke yake. YouthBuild, programu ya Marekani ya vijana walioacha shule, ilianzia East Harlem, New York, mwaka 1978, mwanzilishi wake Dorothy Stoneman alipowauliza vijana wangefanya nini kuboresha mtaa wao. Wakasema watakarabati majengo yaliyotelekezwa. Programu hizo zinagawa muda kati ya masomo ya cheti cha sekondari na kazi ya ujenzi, pamoja na posho. Ujerumani mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi, anaajiriwa na kampuni, analipwa, na siku moja au mbili kwa wiki yuko shule ya ufundi. Mfumo huo kuuhamisha mzima ni vigumu, maana unataka waajiri walio tayari. Ila hakuna anayekaa miezi mitatu mfuko mtupu. Kijana anayetegemewa nyumbani akipata kibarua cha siku moja ataenda, na ana haki. Waonyesheni wafadhili hesabu ya posho kabla ya hesabu ya mahudhurio.

Mama Mlezi:
Na mtu wa kufuatilia awepo. Asiyefika asubuhi nampigia siku hiyo hiyo, maana ukingoja wiki ameshaona aibu kurudi. Utasikia mambo yanayotatulika: nauli, mtoto ana homa, leo ana kesi mahakamani. Tulipotenga chumba cha watoto, mabinti walibaki. Akipata kazi pia usimwachie barua tu, nenda naye kwa mwajiri na urudi kumwona. Wengi niliowafuatilia kazi waliiweza. Waliondoka baada ya kugombana na msimamizi mara ya kwanza, hawana wa kumweleza.

Mwalimu wa Jioni:
Nawashukuru sana. Fundi, wale wasiojua hata herufi unawaweka na wenzao?

Fundi Randa:
Kazini wachanganye, tena mpe mmoja wao jambo analoliweza awaelekeze wengine. Herufi wafundishe pembeni, nusu saa wenzao wakifagia karakana, na anza na jina la mtu mwenyewe, aliandike kwenye kisanduku chake cha vifaa. Kamwe usimsomeshe kwa sauti mbele ya kundi kabla hajaomba mwenyewe.