Chaya yangu inaoza shinani, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Jirani alinipa pingili tano za chaya, ule mti wa mboga wenye majani yanayofanana na ya mpapai. Nilizikata urefu wa kama sentimita 30 na kuzichomeka siku ileile, utomvu mweupe ukiwa bado unadondoka. Nadhani hapo ndipo nilipoharibu, maana baadaye nikasikia zinatakiwa zikae kivulini siku kadhaa, kidonda kikauke kwanza.

Tatu zimeoza. Nilipong'oa moja, sehemu ya chini ilikuwa nyeusi, laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na inanuka. Mbili zimechipua, ila moja majani yake ya chini yanageuka manjano na kudondoka. Udongo wangu ni mfinyanzi. Mvua ikinyesha, maji yanatuama hadi kesho yake.

Sasa niinue tuta niihamishie huko hiyo inayougua, au nikate sehemu ya juu iliyo nzima nianze upya? Na hii yenye afya ina majani kumi na mawili (nayahesabu kila asubuhi, msinicheke). Nianze kuchuma lini bila kuudumaza mti?

Suala la kupika nalijua: mbichi hailiwi, ina sumu ya sianidi, lazima ichemke dakika 20 hivi. Hapo msihangaike. Aliyewahi kuipanda kwenye mfinyanzi ikamkubali aniambie alifanyaje.